Medali ya Ngiri Moja na Nusu: Ulishinda Nani?

Kuna medali imening'inia kwa msumari ukutani kwangu hapa Kalundu, Kitui. Ina utepe wa samawati, uzito wa kueleweka, na imeandikwa "21K" kwa rangi ya dhahabu. Mgeni akiingia kwa hii bedsita yangu, kitu cha kwanza anaona ni hiyo, kwa sababu hakuna kingine cha kuona. Lazima aulize, "Ulikimbia wapi hii?" Na mimi huwa nakohoa kidogo kabla ya kujibu.

Nilikimbia peke yangu. Asubuhi ya Ijumaa, barabara ya kwenda Nzambani, mashahidi wakiwa punda watatu na mama mmoja aliyekuwa anapanga nyanya. Nikamaliza, nikapiga skrinshoti ya programu ya simu, nikaituma kwa waandaaji. Wiki tano baadaye medali ikafika kwa bahasha, ikiachwa kwa ofisi ya matatu.

Krismasi nikaibeba hadi Kibwezi kumwonyesha susu yangu. Akaishika, akaipima kwa kiganja kama anapima nyama, akaigeuza nyuma na mbele. Halafu akauliza swali moja tu.

"Mwana wakwa, ulishinda nani?"

Nikamwambia, susu, hizi si mbio za kushinda mtu, kila mtu hukimbia kwake. Akauliza, "Sasa hii nani alikupa?" Nikasema nilinunua. Nikajaribu kurekebisha, nikasema nililipia kushiriki, medali ni ya kila anayemaliza. Lakini neno la kwanza lilikuwa limeshatoka na susu alikuwa amelisikia. Akanirudishia medali polepole, akasema ni nzuri, akarudi kwa sufuria yake ya muthokoi.

Manze, hilo swali limenisumbua miezi. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kwa inboksi kama hizi mbio za mtandaoni za kulipia zinafaa ama ni upuzi, kwa hivyo leo nitasema ninavyofikiria. Na nina deni la kukiri pia, tutafika huko.

Hii kitu inafanyaje kazi

Kwa wale hawajawahi kuona: unalipa, unachagua umbali, labda kilomita 5, 10, 21 au 42. Unakimbia popote ulipo, ndani ya siku walizokupa. Simu yako inarekodi, unatuma ushahidi, unapata cheti kwa barua pepe na medali kwa posta. Kuna zingine hata unajumlisha kilomita za mwezi mzima mpaka umalize njia fulani maarufu ya dunia, na wewe hujatoka Mwingi.

Hazikuanza na korona, lakini korona ndiyo ilizifanya ziheshimike. Mwaka 2020 dunia ilipofungwa, hata wakubwa waliingia. Boston Marathon, ambayo ilianza 1897, ilifutwa kwa mara ya kwanza katika historia yake na watu wakaambiwa wakimbie makwao. London Marathon ya Oktoba 4, 2020, wanariadha wa kulipwa tu ndio walizunguka St James's Park, ambapo Brigid Kosgei wetu alishinda. Wakimbiaji wa kawaida walipewa saa 24 za siku hiyo wamalize kilomita 42 popote walipo. Hapa nyumbani pia, Nairobi Marathon ya mwaka huo ilifanyika kwa mtandao.

Mimi wakati huo nilikuwa Form Four, nimekwama nyumbani, shule zimefungwa. Sikuwa na viatu wala bando. Lakini nakumbuka nikiona picha za watu wamevaa medali wakiwa kwa baraza zao, nikafikiria, kumbe inawezekana. Wakati huo ilikuwa na maana kubwa. Mbio zilikuwa zimefungwa kwa kila mtu, na ile medali ilikuwa njia ya kusema tuko hai bado, tunasonga.

Lakini korona iliisha. Biashara ikabaki.

Kwa nini nilinunua

Sitajifanya mjanja. Nilinunua kwa sababu ya gauni.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa tatu. Nimeisema hapa mara nyingi nikicheka, lakini sijawahi kusema siku ngumu zaidi ilikuwa gani. Haikuwa siku ya kuondoka. Ni mwaka jana, tangazo la graduesheni lilipotoka na kila grupu ya WhatsApp niliyokuwa bado sijatoka ikajaa maswali ya gauni. Gauni inachukuliwa wapi, kofia inavaliwaje, mzazi anaruhusiwa na wageni wangapi. Wale nilikuwa nakaa nao nyuma ya darasa, tukigawana chapati moja, walikuwa wanaenda kuitwa majina yao mbele ya watu.

Wiki hiyo hiyo nikaona tangazo: 21K, kimbia popote, pata medali na cheti chenye jina lako. Bob 1,500. Unaelewa? Cheti chenye jina langu. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Nikalipa. Na kwa sababu pesa ilikuwa imeshaenda, nikafanya mazoezi. Wiki sita, kila asubuhi kabla jua la Kitui halijaamka na hasira zake. Siku ya graduesheni, wakati wao wanavaa gauni, mimi nilikuwa barabarani. Kilomita ya kumi na saba nililia kidogo, na sitawaambia kama ni miguu ama ni kitu kingine.

Kwa hivyo mtu akija kuniambia "hizo mbio ni feki", namwambia pole pole, ndugu. Zile kilomita 21 zilikuwa za ukweli. Jasho lilikuwa la ukweli. Na kama si ile 1,500, siku hiyo ningeilalia kitandani nikiangalia picha za watu.

Hapo ndipo hizi mbio zina uzito, na ni haki niseme. Kuna mama ana mtoto mchanga, hawezi kuacha nyumba asafiri. Kuna msee wa duka hapati siku ya kupumzika. Na kuna jiografia: mbio kubwa nyingi zinaanza asubuhi mapema jijini. Ukitoka Mutomo au Kathonzweni, lazima ufike Nairobi siku ya kabla, utafute pa kulala, ulipe nauli kwenda na kurudi, ule. Ada ya kushiriki inakuwa ndiyo pesa kidogo kabisa kwa hiyo safari. Kwa mtu kama huyo, mbio za mtandaoni zinafungua mlango.

Pia kulipa kunakubana. Wengi wetu tunaahidi mwaka mpya tutakimbia, na tarehe 10 Januari viatu vimerudi chini ya kitanda. Ukishatoa pesa, unaamka. Hiyo ni kweli na siipingi.

Sasa tuongee pesa

Ukilipia mbio za kawaida za barabarani, pesa yako inafanya kazi nyingi huoni. Kuna barabara imefungwa na polisi wamesimama. Kuna meza za maji kila kilomita kadhaa, ambulensi inangoja, na watu wa huduma ya kwanza. Kuna kile kidude kinachofungwa kwa kiatu au namba ya kifua kinachorekodi muda wako. Hata barabara yenyewe imepimwa. Kwa mbio zenye njia iliyoidhinishwa kimataifa, wanapima kwa baiskeli maalum yenye kihesabio, na wanaongeza mita moja kwa kila kilomita ili isije ikawa fupi. Kwa marathoni nzima hiyo ni mita 42 za ziada za kuhakikisha hudanganywi.

Mbio za mtandaoni? Barabara ni ya serikali, maji umebeba mwenyewe, ukianguka utajiokota. Muda umerekodiwa na simu yako na bando lako. Simu ikiwa chini ya miti au katikati ya milima kama ya Mbooni, inaruka ruka, inaweza kukupa kilomita hujakimbia ama ikuibie ulizokimbia.

Kwa hivyo 1,500 yangu ilinunua nini? Chuma, utepe, bahasha, gharama ya kutuma, cheti cha kompyuta, na faida ya mwenye biashara. Faida si dhambi. Lakini tusiite hiyo ada ya mbio. Ni bei ya medali. Mbio ulizifanya wewe, bure, kama vile ungezifanya bila wao.

Na 1,500 kwa kijana wa huku si mchezo. Ni kodi nusu ya vyumba vingine hapa mtaani. Ni mitungi ya maji wiki baada ya wiki wakati mifereji imekauka. Mtu ana mshahara Westlands akinunua medali ya kuweka kwa ofisi, hiyo ni starehe yake, ale maisha. Sisi wengine lazima tuulize mara mbili.

Nani alikuona?

Watu hupenda kusema shida ya hizi mbio ni wizi, kwamba mtu anaweza kupanda boda na simu mfukoni apate kilomita kumi bila jasho. Ni kweli wapo. Lakini wizi uko hata kwenye mbio za kawaida. Boston ya 1980, Rosie Ruiz alitokea kwa umati karibu na mwisho na akavikwa taji la mshindi kabla ya kupokonywa. Hata Nairobi Marathon ya 2014 kuna jamaa aliingia mbio zikikaribia kuisha, akamaliza wa pili, na akakamatwa kwa sababu hakuwa ametoa jasho la kutosha. Sasa angalia: wote wawili walijulikana kwa sababu kulikuwa na watu. Watu waliangalia wakasema, huyu hatukumwona njiani.

Hapo ndipo swali la susu linaanza kuwa na akili. Alipouliza "ulishinda nani", nilidhani hajui mambo ya kisasa. Kumbe alikuwa anauliza, nani alikuwepo?

Fikiria Kipchoge. Oktoba 12, 2019, Vienna, alikimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40. Kwa sheria, ule muda si rekodi ya dunia. Haikuwa mashindano ya wazi na wasaidizi wa kasi walikuwa wanabadilishana kwa zamu. Kwa karatasi, hakushinda mtu yeyote. Lakini kuna mtu ashawahi kumuuliza "ulishinda nani"? Hakuna. Kwa sababu dunia nzima ilikuwa inamwangalia, na Eldoret watu walijaa mbele ya skrini kubwa barabarani wakipiga kelele. Karatasi ilikataa, watu wakakubali, na watu ndio wamebaki na ile siku.

Sasa geuza upande wa pili, tuje hapa nyumbani. Oktoba 20, 2025, sherehe za Mashujaa zilifanyika Kitui, uwanja wa Ithookwe. Mimi nikiwa nazunguka na simu yangu nikitafuta kontenti, niliuliza vijana kama wanamjua Benson Masya. Hata mmoja hakujua. Benson Masya, wasee! Mzaliwa wa Kitui, alianza kama bondia, akageukia mbio, na mwaka 1992 akawa bingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa nusu marathoni. Mbio zilikuwa Newcastle, Uingereza, ndani ya Great North Run, mashindano aliyoshinda mara nne. Honolulu Marathon alishinda mara tatu. Alifariki 2003 akiwa na miaka 33 tu.

Huyo ni mtu alikuwa na medali za kujaza gunia, na zote alishinda watu, wengi na wakali. Jirani zetu wa Machakos walitoa Cosmas Ndeti, aliyeshinda Boston mara tatu mfululizo, 1993 mpaka 1995, na Patrick Makau, aliyevunja rekodi ya dunia Berlin 2011 kwa 2:03:38. Ukambani ina historia ya mbio, lakini sisi tunakua tukiambiwa kukimbia ni kwa Wakalenjin, halafu tunanunua medali za kampuni hatujui ziko wapi.

Nilichojifunza ni kwamba medali haibebi kumbukumbu yenyewe. Watu ndio wanaibeba. Masya mwenye medali za ukweli amesahaulika kwao kwa sababu hakuna anayesimulia. Sasa yangu, ambayo hakuna aliyeiona ikipatikana, itabebwa na nani?

Deni langu

Sasa ile kukiri.

Baada ya video yangu ya 21K kufanya vizuri, waandaaji wengine, si wale wa kwanza, walinitafuta. Wakaniambia nitangaze mbio zao za 10K, na kila mtu anayelipa kupitia linki yangu, mimi napata mia mbili. Sikuuliza wako wapi. Sikuuliza wamewahi kufanya mbio ngapi. Niliuliza tu, mia mbili inaingia lini.

Watu 14 walilipa. Nikapata 2,800, nikalipia Wi-Fi na nikanunua taa ya kurekodia, hii hii mnaona inaniangaza usoni siku hizi.

Medali zilifika kwa watano. Tisa mpaka leo hawajaona kitu. Mara ya kwanza waandaaji walisema mzigo umekwama. Halafu wakasema wiki ijayo. Halafu namba ikawa haipatikani. Siwataji kwa sababu sina ushahidi ni matapeli ama ni watu walishindwa na kazi wakatoroka aibu. Na ukweli ni kwamba wale tisa hawakuwaamini waandaaji. Waliniamini mimi.

Mmoja ni dada wa Wote, alimaliza Form Four juzi tu. Anauza kwa kibanda cha matunda. Aliniandikia, sina haja ya kunakili, lakini maneno yake yalikuwa mafupi: alikimbia 10K yake yote, kwenye jua, na sasa mathe wake anamuuliza ile pesa ilienda wapi na hana kitu cha kumwonyesha. Akamalizia kwa kuniita "bro". Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Usiku huo niliangalia medali yangu ukutani nikaona aibu. Mimi niliinunua nikiwa nimeumia, nikitafuta kitu kimoja chenye jina langu. Halafu nikachukua lile lile donda, nikaligeuza kuwa tangazo, nikawauzia watoto wa watu wenye donda kama langu. Hiyo ndiyo biashara yenyewe ukiiangalia vizuri. Wanajua kuna vijana wengi ambao hakuna siku jina lao litaitwa mbele ya watu. Wanakuuzia hiyo siku kwa bahasha.

Nilirudisha mia mbili kwa kila mmoja wa wale tisa. Hiyo ni 1,800, na bado haitoshi, najua. Wamepoteza 1,300 kila mmoja na mimi ndiye niliwaonyesha njia. Nimeanza kulipa iliyobaki polepole, watatu nimemalizana nao. Wengine wenu mnaosoma hii ni mmoja wa wale sita: sijakusahau.

Msimamo wangu

Basi zinafaa ama hazifai?

Nasema hivi. Kukimbia peke yako kunafaa, na hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kulipia mbio za mtandaoni kunafaa kwa wachache: una pesa ya kuchezea, huwezi kufika kwenye mbio za watu, na unajua kabisa unanunua ukumbusho, si ushindi. Ama pesa inaenda kwa kazi unayoijua na unaweza kuiona kwa macho. Kwa wengine wote, hasa sisi vijana wa huku tunaohesabu mapeni, jibu langu ni hapana.

Kabla hujalipa, jiulize haya manne:

1. Nani anaandaa? Ana jina, ana mahali, ana mbio za nyuma ambazo watu walipata medali kweli? Tafuta mtu aliyeipata umuulize, si mtu kama mimi anayelipwa kukuambia.

2. Ukitoa chuma, unabaki na nini? Kama hakuna kingine, basi uliza kama chuma hicho kina thamani ya hiyo bei.

3. Pesa hiyo ilikuwa ya nini? Kama ilikuwa ya sabuni, ya kodi, ya nauli ya kutafuta kazi, hiyo medali ni ghali kuliko unavyodhani.

4. Ungekimbia hata bila medali? Kama ndiyo, basi kimbia. Umeokoa pesa. Kama hapana, basi medali ikishafika utaacha, na mimi ni mfano: baada ya bahasha kufika sikukimbia hata hatua moja kwa mwezi mzima.

Najua kuna wale watasema nawakatisha watu tamaa, kwamba wengine hiyo medali ndiyo inawatoa kwa huzuni. Nawasikia, kwa sababu ilinitoa mimi. Lakini nikikumbuka vizuri, kilichonitoa ni zile wiki sita za kuamka. Medali ilikuja mwishoni kuchukua sifa. Na kama unahitaji kitu cha kukubana uamke, kuna kitu bei rahisi kuliko 1,500. Kinaitwa mtu anakungoja barabarani.

Sisi Wakamba tuna mwethya. Wazee wetu hawakuchimba mitaro na kujenga mabwawa ya mchanga kwa sababu kila mtu alilipia kushiriki. Walikuja kwa sababu ukikosa, kila mtu anajua umekosa, na ukija, kila mtu anajua umekuja. Mimi naona hiyo ndiyo programu ya kukimbia tulikuwa tunatafuta, na haihitaji bando.

Jumapili ya Wote

Mwezi uliopita niliandikia wale tisa. Nikawaambia siwezi kuwaletea medali, lakini naweza kuja. Nikaomba anayeweza afike Wote, Jumapili asubuhi, tukimbie ile 10K tena, safari hii tukiwa pamoja. Nauli ya wale wa mbali ningesaidia nusu.

Walikuja sita. Dada wa kibanda cha matunda alileta binamu yake na mtoto wa jirani, kwa hivyo tukawa tisa na mimi. Hakuna aliyetufungia barabara. Boda walitupigia honi, wengine wakicheka, mmoja akatusindikiza kama kilomita nzima akituambia tusiaibishe Makueni. Mtoto wa jirani alichoka njiani, akabebwa na ile boda, akafika wa kwanza, na akakataliwa ushindi na kila mtu kwa kelele. Sheria ilifanya kazi bila kamati.

Mathe wa yule dada alikuwa amesimama mwisho, karibu na kibanda, na jagi la maji. Alimwona binti yake akija. Sijui kama ile pesa ameisamehe, lakini alimwona.

Mimi nilifika wa nne. Dada wa Wote alinishinda kwa dakika karibu tano, na hajawahi kufanya mazoezi ya kuitwa mazoezi. Tulikula maembe tukiwa tumekaa kwa kreti, tukapanga ya mwezi ujao itakuwa Kitui, kila mtu alete bob 50 ya maji na matunda, na wa mwisho ndiye atachagua njia inayofuata.

Juzi susu alinipigia simu. Nikamwambia nilikimbia tena. Akauliza swali lake lile lile.

Nikamwambia, "Susu, nilishindwa. Na nyanya za pale sokoni zilianguka nikipita, uliza mtu yeyote wa Wote atakuambia."

Alicheka mpaka simu ikakata.

Ile medali bado iko ukutani, siitoi, nimeikimbilia. Lakini sitauza nyingine. Kama wewe umewahi kulipia hizi mbio, niambie: ulipata medali? Na siku ulimaliza, nani alikuwa pale? Na kama uko Kitui ama karibu na unataka kuja mwezi ujao, njoo na 50 yako. Viatu vyovyote.